Maneno ya Pwani katika Kinywa cha Buganda

Mtu akialikwa katika posa nyumbani kwa Mganda Mkristo, hata ikiwa ni nyumba ya mzee wa kanisa, atamkuta mwenye nyumba amevaa kanzu nyeupe yenye tarizi nyekundu shingoni, na koti juu yake. Mbele yake pana "emmeeza", na juu ya meza pana "ekitabo" na "ekkalaamu". Akitaka kujua wakati, atauliza "essaawa". Wageni waliokuja kuposa wameleta "ebbaluwa". Mikono yaoshwa kwa "ssabbuuni", chai yatiwa "ssukaali", na chakula chapakuliwa katika "essowaani". Huenda nyumba ile haijaingiwa na Mwislamu tangu siku ilipojengwa, na huenda mwenyewe hapendi hata kusikia Kiswahili kikisemwa mlangoni pake. Walakini vitu vingi vilivyo mbele yake avitaja kwa maneno yaliyoletwa na watu wa pwani, na kanzu aliyoivaa ndiyo nguo yao.

Kiswahili katika Uganda kimeshtakiwa mara mbili. Mara ya kwanza kilishtakiwa kwa kuwa ni lugha ya Waislamu. Mara ya pili kwa kuwa ni lugha ya askari na wanyang'anyi. Vijana wa Kiislamu wa Kampala, Masaka na Jinja wamekua wakisikia mashtaka yote mawili, na wako walioona haya kuitumia lugha ambayo babu zao walifundishiwa dini kwayo. Kwa sababu hiyo yafaa habari za maneno haya zitiwe katika kitabu cha kumbukumbu, kwani watu walioyaleta wamekwisha kufa zamani, na wengi wao hawakuacha maandishi.

Mwaka unaotajwa kuwa mwanzo wa Uislamu katika Buganda ni 1844. Mwaka huo mfanya biashara aliyeitwa Ahmed bin Ibrahim alifika katika baraza la Kabaka Suuna wa Pili. Miaka mingi baadaye mtu huyo alimsimulia Emin Pasha safari zake, na ndiyo sababu mwaka wenyewe umejulikana. Yasemekana kwamba siku moja Suuna alipoamuru watu wauawe mbele yake, Ahmed alisimama akamwambia kuwa watu wale, na Kabaka mwenyewe, ni viumbe vya Mwenyezi Mungu, wala si halali kuwaua bila ya haki. Hakuna aliyezoea kusema hivyo mbele ya Kabaka. Suuna hakumdhuru, bali aliuliza zaidi habari za Mungu huyo, akasomewa sehemu za Kurani. Suuna alikufa mwaka 1856, naye hakusilimu, lakini mazungumzo yale hayakukatika.

Wafanya biashara wale walileta nguo, shanga, bunduki na baruti, wakachukua pembe za ndovu. Hapana haja ya kuficha kwamba walichukua pia watumwa. Taarikh inayoficha jambo hilo haitaaminiwa katika mengine. Nguo waliyoileta kwa wingi ni merikani, yaani kitambaa cha pamba kilichopewa jina la Wamarekani waliokiuza Unguja, na Waganda wakaiita "amerikaani". Kabla ya hapo watu wa Buganda walivaa nguo zilizopondwa kutokana na magome ya mti. Kanzu ilikuwa kwanza nguo ya wageni, kisha ikawa nguo ya watu wa baraza, kisha ya kila mwenye heshima. Leo ikiitwa nguo ya jadi ya Mganda, hakuna anayebisha. Vazi la wanawake nalo lina safari yake, kwani gomesi imepata jina hilo kwa Gomes, fundi Mgoa aliyeishona Kampala mwanzoni mwa karne ya 20. Basi bwana arusi na bibi arusi wa Kiganda husimama mmoja katika nguo ya Mswahili na mwingine katika jina la Mgoa, na wote wawili wamevaa nguo ya kwao bila ya shaka yo yote.

Kila neno lililoingia katika Kiganda lilibadilishwa sauti kwanza. Kiganda kina kanuni yake katika sauti za "l" na "r": baada ya "e" na "i" husikika "r", na mahali pengine husikika "l". Kwa hiyo sukari ikawa "ssukaali", na barua ikawa "bbaluwa", lakini Uislamu, ambao "l" yake yafuata "i", ukawa "Obusiraamu", na watu wake wakaitwa "Abasiraamu". Sauti ya "h" haina makao katika Kiganda, na kwa hiyo sahani ikawa "sowaani" na hema ikawa "weema". Msikiti ukawa "omuzikiti". Anayecheka matamshi haya na akumbuke jinsi watu wa pwani walivyolitenda neno la Kiarabu "kitaab". Kwa Mwarabu silabi ya kwanza ni sehemu ya neno lenyewe, lakini Mswahili aliisikia kama "ki" ya kiti na kisu, akasema vitabu. Mganda alipolipokea alifuata njia ile ile, akasema "ebitabo". Mwarabu angeshangaa mara mbili.

Saa nayo ilipokewa pamoja na hesabu yake. Mganda huanza kuhesabu saa tangu mapambazuko kama Mswahili, hata saa moja ya asubuhi ni saa moja kwa wote wawili. Lakini siku za juma hazikukubaliana. Mswahili huanza kuhesabu Jumamosi, na siku yake ya tano ni Jumatano. Mganda huanza na siku ifuatayo Jumapili, na siku yake ya tano, "Lwakutaano", ni Ijumaa. Mgeni kutoka Tanga au Mombasa akiambiwa aje siku ya "kutaano" atafika siku mbili kabla ya wenzake.

Neno lililokwenda mbali kuliko yote ni kusoma. Suuna alipokufa alitawala mwanawe Mutesa, naye alivutiwa sana na mafundisho ya Waislamu. Alijifunza kusoma maandishi ya Kiarabu na kusema Kiswahili, na tangu mwaka 1867 alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi, akaamuru watu wake wafunge pia. Vijana wa baraza walikaa chini ya walimu wa pwani wakafundishwa herufi na sura fupi za Kurani. Kazi hiyo iliitwa kusoma, na katika Kiganda neno hilo likawa na maana mbili kwa wakati mmoja, kusoma maandishi na kushika dini. Mtu aliyeingia katika dini aliitwa "omusomi". Wakristo walipokuja baadaye hawakutunga jina jipya. Wafuasi wao pia waliitwa "abasomi". Yaani Mkristo wa kwanza wa Buganda alijulikana kwa jina lililokwisha kutumika kwa Waislamu.

Si wote waliosoma walipona. Mutesa hakutahiriwa, kwani desturi ya nchi ilikataza damu ya Kabaka imwagike, na mwaka 1876 vijana wa baraza walikataa kusali nyuma yake na kula nyama iliyochinjwa na mtu asiyetahiriwa. Wengi wao walichomwa moto huko Namugongo. Watu wa dunia walijua jina la Namugongo kwa sababu ya Wakristo waliouawa pale mwaka 1886, na wageni wengi hufika pale kila mwaka tarehe 3 Juni. Ni wachache kati yao wanaoambiwa kwamba moto ule uliwashwa kwanza kwa ajili ya Waislamu, miaka kumi kabla.

Wazungu nao walipofika Buganda walisema na Kabaka kupitia Kiswahili. Speke alipokuwa Buganda mwaka 1862 alisema Kihindi na mtumishi wake Sidi Mubarak Bombay, naye Bombay akasema Kiswahili na Nasibu, ndipo Nasibu akayapeleka maneno katika Kiganda. Stanley alipofika mwaka 1875 alikuwa na kijana mmoja jina lake Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni huko Unguja. Stanley alimwacha kijana huyo kwa Mutesa, na sehemu za Biblia zilizotafsiriwa kwa ajili ya Kabaka zilitafsiriwa kwa Kiswahili, zikaandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa hizo ndizo Mutesa alizozijua. Misheni ya Kiingereza ilifika mwaka 1877, na Mapadre Weupe wa Kifaransa mwaka 1879. Wao pia walianza kazi kwa Kiswahili, kwani ndiyo lugha pekee waliyoweza kusikilizana nayo na watu wa baraza. Wanafunzi waliokuja kwao wengi walikwisha kujua maana ya kitabu, dini, nabii na malaika. Mwalimu wa Kiislamu alikuwa amelima shamba, na mwingine akaja kupanda.

Ndipo lilipotokea jambo ambalo lastahili kuangaliwa kwa makini. Wamisionari walipoanza kutafsiri Biblia kwa Kiganda walihitaji maneno ya dini, na mengi waliyakuta tayari katika vinywa vya watu. Kazi hiyo iliongozwa na George Pilkington pamoja na Mganda msomi, Henry Wright Duta. Biblia nzima ilitoka mwaka 1896. Watu waliiita Biblia ya biskuti, maana ilipigwa chapa nyembamba na nene ili iingie katika kopo la biskuti, na humo ikahifadhika isiliwe na mchwa. Ndani yake nabii ni "nnabbi", malaika ni "malayika", sadaka ni "ssaddaaka", shetani ni "Setaani", kitani nzuri ni "bafuta", hema ya Nabii Musa ni "eweema", na Injili ni "Enjiri". Hata msalaba, ambao Waislamu hawauamini, uliitwa "omusalaba", kwa neno ambalo asili yake ni Kiarabu na njia yake ni Kiswahili. Jina la Mungu peke yake halikuhitaji kuletwa. Waganda walikuwa na Katonda, na Waislamu wa Buganda nao husema Katonda pamoja na Allah.

Askofu Alfred Tucker, aliyekuwa mkuu wa kanisa la Kiingereza katika Uganda tangu mwaka 1890, aliandika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotolewa mwaka 1908. Humo alieleza kwamba Mackay, mmisionari aliyefariki mwaka 1890, alitumaini siku moja Afrika ya kati itakuwa na lugha moja, nayo ni Kiswahili. Tucker alikubali kwamba lugha moja ingefaa, lakini akaomba Mungu aepushe isiwe Kiswahili, kwa sababu aliona lugha hiyo imeshikamana mno na Uislamu, na kwamba pamoja nayo yangeingia maovu. Afadhali Kiingereza, alisema. Maneno yake yalikuwa makali, na yalikuwa na nguvu, kwani shule za nchi zilikuwa mikononi mwa misheni. Yawezekana hakutambua kwamba kila Jumapili, mchungaji wake alipofungua "ekitabo" na kuisoma "Enjiri", alitumia maneno ya wale wale aliowaogopa. Au alitambua, akaona kwamba maneno yamekwisha kubatizwa. Hilo lisingekuwa kosa. Neno likikaa katika nyumba ya mtu muda mrefu huwa mtoto wa nyumba hiyo, na Waarabu hawawezi kwenda Mengo kudai "nnabbi" wao.

Chuki ya Tucker haikuzuka hewani. Katika mwezi wa Oktoba 1888 Waislamu walishika dola ya Buganda, na Kalema, aliyesilimu, akawa Kabaka kwa muda wa mwaka mmoja. Vita vilivyofuata viliwafukuza watu wa kila dini kwa zamu. Vilipokwisha, Waislamu walishindwa na kupewa majimbo matatu, kisha baada ya fitina ya mwaka 1893 wakabakiwa na Butambala tu. Nuhu Mbogo, ndugu yake Mutesa na kiongozi wao, alipelekwa Unguja, akarudishwa mwaka 1895. Mwaka 1897 askari wa Kisudani walioletwa na Lugard walipoasi, waasi walitaka kumfanya Mbogo kuwa mfalme wao, naye akakataa. Katika vita vya maasi hayo Pilkington, mfasiri wa Biblia, aliuawa. Wazao wa askari hao ndio Wanubi wa Bombo, na lugha yao ya Kinubi, iliyotokana na Kiarabu cha kambini, yahitaji makala yake peke yake.

Kwa miaka thelathini iliyofuata Kiswahili kilibaki mahali pa namna tatu: chuoni kwa watoto wa Kiislamu, sokoni, na katika kambi za jeshi na polisi. Chuoni kilileta maneno ambayo mpaka leo yana harufu ya Uislamu katika Kiganda. Mwalimu wa shule ni "omusomesa", lakini "omwalimu" ni yule afundishaye Kurani na kuongoza sala. Neno ambalo pwani ni pana, katika Buganda likawa jembamba na lenye heshima ya pekee. Swala ni "essaala", dua ni "dduwa", maulidi ni "mawuledi", na matari yapigwayo siku hiyo ni "matali". Mtu mkaidi sokoni huweza kusema hapendi Waislamu, lakini akifiwa jirani yake atasema anakwenda kwenye "dduwa", wala hatatafuta neno jingine.

Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya mafunzo na ya serikali katika sehemu kubwa ya Uganda. Hapo upinzani ulitoka pande mbili zisizokuwa na nia moja. Maaskofu walikataa kwa hoja ile ile ya Tucker. Kabaka Daudi Chwa alikataa mwaka 1929 kwa hoja nyingine, nayo ilikuwa na uzito: wakati ule Waingereza walikuwa wakishauriana juu ya kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki, na Waganda waliogopa kutawaliwa na walowezi wa Kenya. Kwao Kiswahili hakikuwa msikiti tena, bali kilikuwa mlango wa Nairobi. Waislamu walijikuta wakitetea lugha yao kwa upande mmoja na Kabaka wao kwa upande wa pili, na si ajabu kwamba wengi walinyamaza. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika hesabu ya lugha zilizotambuliwa kwa mafunzo ya shule za Uganda, illa kwa polisi.

Hivyo ndivyo lugha ilivyoachiwa kambi. Amri za jeshi la King's African Rifles zilitolewa kwa Kiswahili, na mtu wa kijijini aliyekuwa hajui neno la Kiswahili alilisikia kwanza kwa askari aliyesimama mbele yake na bunduki. Idi Amin alitoka katika jeshi hilo. Alipotwaa serikali mwaka 1971 Kiswahili kilipanda naye, na mwaka 1973 alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Tangu hapo maneno ya mitaani yalizaliwa kwa wingi, na karibu yote ni maneno ya shida. Waasia walipofukuzwa mwaka 1972, maduka yao waligawiwa watu walioitwa "mafuta mingi". Mwalimu ye yote wa sarufi angesahihisha kuwa ni mafuta mengi, lakini wenyewe hawakuhitaji sarufi ili kupewa duka. Sukari na sabuni zilipoadimika, yale yale maneno ya zamani "ssukaali" na "ssabbuuni" yalitajwa kwa kunong'ona, na biashara yake ikaitwa magendo. Neno magendo ni la Kiswahili cha siku nyingi, lakini katika Kampala lilipata kuwa jina la zama nzima.

Mwezi wa Aprili 1979 jeshi la Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala. Askari wale walisema Kiswahili cha namna nyingine, chenye "tafadhali" na "ndugu", na watu wakawaita "bakombozi", yaani wakombozi. Kwa muda mfupi ilikuwa kama lugha imesamehewa. Haikuchukua muda. Katika serikali iliyofuata uchaguzi wa mwaka 1980, askari walizunguka mitaa ya Kampala na vijiji vya jirani wakiwakusanya watu kwa maneno mawili, panda gari. Waliopanda walipelekwa kukaguliwa, na wako ambao hawakurudi. Maneno hayo hayana ubaya wo wote. Kondakta wa basi huyasema kutwa huko Tanga. Lakini mtu wa Kampala aliyekuwa mtoto wakati ule akiyasikia leo hushtuka.

Waislamu ndio waliobeba mzigo wa haya mara mbili. Amin alikuwa Mwislamu na msemaji wa Kiswahili, na kwa watu wengi mambo hayo mawili yalifungwa katika mtumba mmoja. Mwaka 1979, baada ya Amin kuanguka, Waislamu wa sehemu za Bushenyi katika Ankole walishambuliwa na wengine kuuawa, wakihesabiwa kuwa watu wake, ijapokuwa wengi wao walikuwa wakulima ambao hawakupata duka wala cheo. Baada ya siku hizo wazazi wengi wa Kiislamu waliacha kusema Kiswahili na watoto wao nje ya nyumba. Haya ndiyo yanayoeleza kwa nini mjukuu wa mwalimu wa Kurani huko Masaka hujua kusoma dua kwa Kiarabu na kuongea Kiganda safi, lakini lugha iliyokuwa daraja kati ya hizo mbili hana.

Hata hivyo maneno hayakungoja ruhusa. Vijana wa mitaa ya Kampala, waitwao "bayaaye", wana lugha yao ya mafumbo, Luyaaye, ambayo huchota Kiganda, Kiswahili na Kiingereza bila ya kuuliza nasaba ya neno. Kutoka mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, tangu miaka ya 1960 waendesha baiskeli waliwavusha watu na mizigo katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya forodha, wakiita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, likisemwa mara mbili. Ndiyo asili ya bodaboda, na leo neno hilo latumika hata Dar es Salaam kwa pikipiki isiyovuka mpaka wo wote. Chapati iliyokunjwa na mayai ndani yake, ambayo huuzwa katika vibanda vya Kampala, yaitwa roleksi. Wauzaji walisema kwa Kiingereza mayai yaliyoviringishwa, na masikio ya wateja yakasikia jina la saa ya bei kubwa. Chapati yenyewe ilitoka Bara Hindi kwa njia ya pwani. Hata pesa zaitwa "ssente", kwa jina la senti, na hivyo mali yote ya tajiri yatajwa kwa sehemu yake ndogo kuliko zote.

Wala mkopo haukuwa wa upande mmoja. Matoke yaliyosafiri kwa gari la moshi mpaka Nairobi na Mombasa yaliingia katika Kiswahili na jina lake la Kiganda, nayo hayajarudishwa.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili. Kwa miaka mingi badiliko hilo lilikaa katika karatasi. Mwezi wa Februari 2022 Umoja wa Afrika ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi, na mwezi wa Julai mwaka huo huo baraza la mawaziri la Uganda liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Walimu bado ni wachache, na katika shule nyingi somo halijaanza. Pale lilipoanza, watoto wa dini zote hukaa pamoja, mjukuu wa mzee wa kanisa karibu na mjukuu wa mwalimu wa Kurani, na somo la kwanza huwa la vitu vilivyomo darasani. Mwalimu huinua kitu kimoja kimoja mkononi: kitabu, kalamu; kisha hugonga meza, huonyesha saa ukutani. Kwa maneno hayo manne hahitaji kufasiri.